Wifi Yangu na Mapazia ya Uzinduzi

Wifi yangu hushona mapazia ambayo kazi yake ni kufunguliwa mara moja tu. Unayajua. Ni yale madogo yanayofunika jiwe la msingi siku ya sherehe, mpaka mgeni rasmi asimame, aseme maneno mengi, avute kamba, pazia ligawanyike huku na huku na watu wapige makofi. Likishafunguka hukunjwa na kutupwa nyuma ya gari la mtu, na hakuna anayeuliza limeshonwa na nani. Mimi ninajua limeshonwa na nani, kwa sababu aliyelishona ni mke wa kaka yangu, na kitambaa, uzi na pete vimetoka kwenye kibanda changu.

Usiidharau kazi hiyo. Pazia la dirishani likigoma unaguna, unalivuta tena, maisha yanaendelea. La jiwe la msingi likigoma, anayegomewa ni mheshimiwa, mbele ya kamera. Ndiyo maana wifi huzipaka pete nta ya mshumaa, huipitisha kamba juu ya fimbo kwa njia anayoijua yeye, na kabla ya kulikabidhi pazia hulivuta kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Likikitii kidole hicho litamtii mheshimiwa yeyote, hata aliyelewa sifa. Katika ufundi wake wote halikuwahi kukwama hata moja. Mafundi wenzake wakamwita Kamba Moja, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake, ingawa ukimuuliza atakana.

Sasa lazima nieleze habari ya miji yetu miwili, maana bila ugomvi wao wifi angekuwa anashona sare za shule kama wengine. Mmoja uko mlimani na mwingine uko bondeni, na sisi wenyewe tunasema Juu na Chini, basi. Mimi na kaka yangu tulizaliwa Chini. Yeye akabaki, mimi nikaolewa Juu, na nimekaa huko mpaka nimekuwa mtu wa Juu kuliko waliozaliwa Juu. Miji hii haijawahi kupigana. Inashindana kujenga, au tuseme inashindana kutangaza kwamba itajenga. Juu wakichora mzunguko wa barabara wenye chemchemi, Chini wanachora wenye chemchemi mbili. Chini wakisema jengo la ghorofa thelathini, Juu wanasema thelathini na moja. Kila tangazo lina jiwe lake, na kila jiwe lina pazia lake, kwa hiyo wifi hakukosa kazi.

Hata Manispaa ya Juu walikuwa wateja wake, ila kwa siri. Hawakutaka isemwe kwamba heshima yao inashonwa na mtu wa Chini, kwa hiyo oda ilipitia kwangu, na pazia lilipanda mlima likiwa chini ya mabunda ya zipu. Nilikuwa mpelelezi wa satini. Nikishuka kwa kaka nilikuwa namwambia wifi, "Maji yenu haya yana chumvi, mnakunywaje?" Naye ananijibu bila kuinua mguu kwenye cherehani, "Ndiyo maana sisi tuna ladha. Nyinyi mnaishi kwa upepo."

Mara moja tu Juu walikataa mapazia yake, na ninaomba usiisahau mara hii moja. Ilikuwa siku ya kuweka jiwe la msingi la soko. Diwani mmoja alikuwa ameinusa siri yetu, akasimama kikaoni na kusema ni aibu, mcheza kwao hutunzwa, pazia la Juu lishonwe na mtu wa Juu. Likashonwa na shemeji yake. Siku yenyewe mgeni rasmi, Meya wetu mwenyewe, akavuta, pazia likakaa kimya. Akavuta tena. Akaongeza mkono wa pili, na hapo fimbo, pete na satini vyote vikamshukia, akabaki amesimama amefunikwa kichwa kama bibi harusi. Nilikuwepo. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Chini walicheka zaidi. Mwaka mzima, ukishuka tu kwenye basi, kondakta wa Chini anakuuliza, "Mmeshamfunua bibi harusi wenu?" Wifi peke yake hakucheka. Alitaka kujua pete zilikuwa za nini na kamba ilipitishwa wapi.

Hivyo ndivyo alivyo. Wifi yangu ni mdadisi. Akija mgeni, kabla hajaketi ameshaulizwa viatu vyake vimeshonwa kwa mkono au kwa mashine. Kaka yangu, ambaye ni fundi redio na maneno yake ni ya kupimwa kwa kijiko, husema alimwoa kwa sababu alikuwa msichana wa kwanza kumuuliza sauti inaingiaje ndani ya redio. "Wengine walikuwa wanaomba niongeze sauti tu," anasema.

Kisha likaja jambo lisilo na utani. Binti yao wa kwanza alishikwa na uchungu siku ya mvua. Hospitali ya kujifungulia iko upande wa pili wa Chini, na kati yake na mtaa wao kuna makutano ambayo mvua ikinyesha magari hulala pale. Walimpakia kwenye pikapu ya kubebea mchanga, ndiyo iliyopatikana. Mtoto alizaliwa njiani, chini ya turubai. Alikuwa wa kiume. Hakuishi.

Nilishuka nikakaa nao. Niliosha vyombo, nikafagia, nikanyamaza, na kunyamaza kwangu si jambo la kawaida. Binti hakulia mbele yetu. Siku moja tu, akikunja nguo, alisema, "Mimi sizai tena mpaka kuwe na mahali ninapoweza kufika kwa miguu yangu." Alilisema hilo taratibu, kama mtu anayesema hatanunua tena viatu duka fulani. Mama yake alishtuka kuliko kama angepiga kelele.

Ni siku hiyohiyo wifi aliponishika mkono jikoni. "Wifi, si nilishona pazia la wodi ya wazazi, ya hapahapa mtaani? Lile la kijani, lenye pindo la dhahabu?"

"Ulishona. Kitambaa nilileta mimi."

"Na lilifunguka?"

"Lilifunguka vizuri sana."

"Basi wodi iko wapi?"

Tulikuwa tumekaa na pazia lile kichwani miaka yote hiyo na hakuna aliyewahi kuuliza nyuma yake kuna nini. Tukatoka kwenda kuitafuta. Tuliikuta nyuma ya uwanja wa mpira, kwenye majani yanayofika magotini: jiwe, herufi zake, na fundi viatu aliyeweka gundi na misumari juu yake. Tulipomweleza lile ni jiwe la nini alisimama akavua kofia. "Mimi nilidhani kaburi," alisema. "Nilidhani ni mkubwa fulani. Kila asubuhi nalifuta vumbi."

Tangu hapo udadisi ulimkaa wifi kama kwikwi. Alitaka kuyaona mawe yote. Alikuwa anakumbuka kila pazia kwa rangi yake, la zambarau la maktaba, la buluu la uwanja wa michezo, jekundu la jengo la ghorofa thelathini, na mimi nilikuwa nakumbuka mahali. Tulizunguka Chini, kisha tukapanda tukazunguka Juu, wanawake wawili wenye chupa ya maji na mwavuli, watu wakidhani tunatafuta kiwanja. Kwenye jiwe la uwanja wa michezo kulikuwa kumefungwa mbuzi. Jiwe la maktaba lilikuwa limejengewa ndani ya banda la kuku, na mwenye kuku alitusihi tusimsemee. Mahali pa ghorofa thelathini palikuwa na shimo lenye maji na vyura. Mahali pa ghorofa thelathini na moja palikuwa na shimo lenye maji na vyura, ingawa wifi alishikilia kwamba vyura wa Chini walikuwa wanene zaidi.

Huo ulikuwa utani wake wa mwisho siku ile. Alipoketi kwenye ukingo wa lile shimo la pili alivua viatu na kuviweka kando. "Hakuna hata moja, wifi," alisema. "Maisha yangu yote nafunika kitu, na hakuna kitu." Niliumia kwa ajili yake, nasema kweli. Mtu anaweza kuvumilia kazi ngumu au kazi chafu, lakini kazi isiyo na upande wa pili inakatisha tamaa.

Nilimpeleka kibandani kwangu sokoni apumzike. Alikula karanga, akawa anatazama watu wakipita na magunia, wanaopimisha vitambaa, wanaogombana na mizani. Baadaye akainua macho kwenye paa, akayaacha huko muda mrefu.

"Hili soko mbona lipo?" akauliza.

"Lipo vipi? Si lilijengwa."

"Mengine yote hayakujengwa. Hili kwa nini?"

Ningemwambia kwa sababu Juu tuna viongozi bora, lakini tulikuwa tumetoka kwenye vyura muda si mrefu. Nikamweleza yaliyotokea. Baada ya ile siku ya bibi harusi, Chini walipocheka, Meya wetu hakuweza kwenda popote. Akihudhuria mkutano watu wanamwangalia kichwani kama amefunikwa. Mwisho alisimama mbele ya lile jiwe na kuapa kwamba soko litasimama, wa Chini waje kununua vitunguu humo humo kwa aibu. Likajengwa kweli, mpaka vyoo.

Wifi aliacha kutafuna. "Kwa hiyo lile lililokwama ndilo lililojengwa."

"Sadfa."

"Si sadfa. Fikiri, wifi. Wakipigiwa makofi wanakuwa wamemaliza. Wamepigwa picha, wamekula, magazeti yameandika. Mradi wao ni makofi. Hawa wenu waliyakosa siku ile, ikabidi wayatafute kwa matofali." Akajifuta mikono kwenye sketi. "Na makofi ninayaleta mimi. Kwa kidole hiki."

Haukupita muda mrefu, bwana wa itifaki kutoka Manispaa ya Chini akaja nyumbani kwa kaka, nami nilikuwepo nimeleta uzi. Alikuwa mtu mwenye haraka na suruali iliyonyooka. Juu wametangaza wodi ya wazazi ya vitanda arobaini, alisema. Chini haitakubali. Chini itazindua ya vitanda hamsini.

"Wapi?" wifi akauliza.

"Hapahapa mtaani kwenu, mama. Kiwanja kipo, na jiwe lipo tayari, tunabadilisha tarehe tu."

"Na vitanda vipo?"

"Hatua kwa hatua, mama."

"Na ramani?"

"Inachorwa."

"Na mchoraji?"

"Anatafutwa." Akatazama saa. "Tunataka pazia la manjano, lifunguke kama kawaida yako. Kamba moja."

Bwana wa itifaki akaondoka. Binti alikuwa mlangoni, amesikia yote, akaenda zake uani. Kaka yangu alikuwa na redio imefumuliwa mezani. Wifi akaketi mbele yake, akamwambia alichokuwa anafikiria: kwamba pazia hili alishone likwame.

Kaka aliweka bisibisi chini. "Jina lako ndilo linalotulisha," alisema. "Umelijenga kwa vidole vyako mwenyewe. Ulivunje kwa mshono mmoja?"

"Mficha uchi hazai," wifi akajibu.

"Na likikwama, halafu wasijenge?"

"Basi nitakuwa nimekosa yote mawili."

Kaka alirudi kwenye redio na kuushika waya usiostahili, nami ninavyomjua, nikajua amekubali. Mimi nilikuwa bado nafikiri jambo hili halinihusu. Wifi akanigeukia.

"Kukwama peke yake hakutoshi," alisema. "Meya wenu hakukasirika kwa sababu ya pazia. Alikasirika kwa sababu sisi tulicheka. Sasa nyinyi wa Juu lazima mcheke."

"Watacheka tu wenyewe."

"Hawatajua, asipowaambia mtu. Wewe una kibanda katikati ya soko, na mdomo huo Mungu hakukupa bure. Nicheke, wifi. Useme pazia limeshonwa na nani. Useme ni Kamba Moja wa Chini, fundi wao wanayemtegemea."

"Nikucheke wewe?"

"Mbona unanicheka kila siku?"

"Nakucheka hapa, nimekaa kwenye kiti chako, nimeshika kikombe chako. Sokoni si hapa."

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nakuomba."

Alilishona kwa uzuri uleule. Pindo lilinyooka, pete zilipakwa nta. Mwishoni kabisa aliweka mshono mmoja, mahali kamba inapogeukia juu ya fimbo, mshono ambao ukiuvuta unakaza, na ukizidi kuuvuta unazidi kukaza. Kisha akalijaribu kwa kidole kidogo kama kawaida. Pazia halikutikisika. Aliliangalia kwa muda, akaenda uani, na alipokawia nilimfuata nikamkuta anakamua nguo ambayo ilikuwa imeshakauka. Macho yake yalikuwa mekundu.

Siku ya sherehe kulikuwa na mahema, viti vya plastiki, spika zinazopiga miluzi, na fundi viatu wetu aliyehamishwa na gundi yake, akisimama mbali. Sisi tulikaa safu ya nyuma. Mheshimiwa Meya alisema kuhusu akina mama, akasema kuhusu hamsini kuwa zaidi ya arobaini, akapigiwa makofi, akashika kamba akavuta.

Akatabasamu, akavuta tena. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba mambo mazuri hayataki haraka. Mheshimiwa akakunja mkono wa koti. Bwana wa itifaki akapita nyuma ya pazia kusaidia, na tukawa tunaona viatu vyake tu, vikienda huku na huku. Ukatafutwa kwanza mkasi. Watu wote wale, hakuna mkasi. Mkasi ulikuwa kwenye mkoba wa wifi, juu ya mapaja yake, na mikono yake ilikuwa juu ya mkoba. Mwisho walileta kisu kutoka kwa wapishi nyuma ya hema, na mheshimiwa akalikata pazia kwa kisu kilichokuwa kinakata vitunguu, machozi yakimtiririka. Mpambe mmoja akatangaza kwamba mheshimiwa analia kwa uchungu wa akina mama. Hapo ndipo umati mzima uliposhindwa kujizuia.

"Nani ameshona kitu hiki?" bwana wa itifaki aliuliza, nywele zimemsimama.

Wifi alisimama. "Mimi," alisema, kisha akaketi. Watu wa safu ya mbele waligeuka kumtazama, na wale waliomjua walitazama chini.

Nilirudi Juu kwa basi la mchana. Kesho yake asubuhi nilifungua kibanda, wateja wakaja, na wa kwanza tu akauliza, "Eti huko Chini kumetokea nini?" Nilimpimia zipu nikasema sijui. Wa pili pia nilimwambia sijui. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nikawa najiambia, na fimbo ya karibu ni mimi, na nyoka anacheka tu huko majanini. Mteja wa tatu alikuwa muuza kuku, mwanamke mwenye sauti. Nikaweka mkasi chini nikasema, "Njoo nikwambie habari ya wifi yangu."

Nilisema yote. Niliigiza viatu vya bwana wa itifaki, nikaigiza mheshimiwa na kisu, nikajipaka maji machoni. Nilisema fundi mkubwa wa Chini, anayejiita Kamba Moja, ameshindwa kushona kipande cha satini. Walikuja kutoka upande wa samaki kunisikiliza. Kufikia jioni wodi ile ilikuwa imepata jina, Wodi ya Kitunguu, na sikulitunga mimi, lakini nililishangilia. Ndani ya wiki watu wa Juu wakishuka Chini walikuwa wanabeba kitunguu mfukoni, wanampa kondakta badala ya salamu. Kila nilipocheka walicheka, na kila nilipofika nyumbani nilijifungia bafuni nikafungua bomba ili mume wangu asinisikie. Nilikuwa namcheka mtu aliyeniosha mgongo siku niliyougua. Ningeulizwa kazi ngumu niliyowahi kufanya ni ipi, ningesema ni kicheko kile.

Huko Chini hakuna aliyemletea tena pazia. Jina la Kamba Moja likawa la kuwatishia mafundi wanafunzi. Wifi alianza kushona sare za shule, mashati ya buluu mlima kwa mlima, na alisema hajambo. Kiwanja kilikaa kimya. Majani yalirudi, fundi viatu akarudi, na nilianza kufikiri tumepoteza vyote. Nilimwambia hivyo. "Subiri," alisema, lakini alisema akitazama pembeni.

Ni kaka aliyesikia kwanza. Alikuwa anatengeneza redio ya mteja, akaugusa waya, ikazungumza, na aliyekuwa anazungumza ni Meya wa Chini. Alikuwa amepewa kitunguu na mgeni, hadharani, kwenye mkutano wa mameya. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Alisema wa Juu wataona. Kaka anasema hajawahi kurudisha redio kwa mteja imefutwa vumbi vizuri namna ile.

Trekta lilikuja na fundi viatu akahama kwa mara ya mwisho. Wifi alikuwa akienda pale kila siku baada ya sare. Alitaka kujua kwa nini nondo zinapindwa hivi, zege linakaa siku ngapi, dirisha hili litatazama wapi, mlango huu mbona mpana. "Mpana ili kitanda kipite, mama," waashi walimwambia. "Na mtu juu yake?" "Na mtu juu yake." Walimwita Mkaguzi. Hakuna aliyejua ni yeye wa pazia, au kama walijua walimhurumia. Ile ya Juu ya vitanda arobaini, ukitaka kujua, pazia lake lilifunguka vizuri sana. Jiwe lipo. Naweza kukuonyesha.

Siku ya kufungua wodi, pazia lilishonwa na fundi aliyetolewa Juu, maana Chini hawakumwamini tena mtu wao. Nilishuka kwa basi la asubuhi. Mahema yaleyale, spika zilezile, mheshimiwa yuleyule, ila safari hii visu vya wapishi vilikuwa vimefichwa. Kaka alikuwa ameketi peke yake safu ya nyuma. Nilimuuliza mkewe yuko wapi, akaelekeza kwa kidevu upande wa jengo.

Nilizunguka nikakuta mlango wa nyuma umefungwa kwa kipande cha mbao tu. Ndani kulikuwa na harufu ya rangi. Vitanda vilikuwa vimepangwa safu mbili, magodoro bado yana nailoni. Wifi alikuwa amekaa kwenye kitanda cha dirishani, anazungusha mpini ulio chini yake, kichwa cha kitanda kinapanda na kushuka, naye anakitazama kwa mdomo wazi.

"Limefunguka?" aliniuliza.

Nikasikiliza. Nje makofi yalikuwa yanapigwa. "Limefunguka."

"Kwa kamba moja?"

"Sikuona. Nilikuwa nakutafuta wewe."

Aliguna, akazungusha tena mpini. Ndipo nilipogundua kwamba hakuwa peke yake. Binti yake alikuwa kwenye mlango ule mpana, ameshika fremu kwa mkono mmoja, miguu yake ikiwa bado nje. Alikuwa amevaa viatu vyenye vumbi. Alikuwa amekuja kwa miguu.

"Njoo ukae," mama yake alimwambia, akipapasa godoro kando yake. "Ni kitanda tu."

Nje mheshimiwa alikuwa ameanza hotuba. Binti alitazama safu zote mbili hadi mwisho, kisha akavua viatu, akaviacha mlangoni, akaingia.